Garnham: Tabibu aliyefichua maficho ya malaria ndani ya ini

JINA la Percy Cyril Claude Garnham halitajwi sana siku hizi katika miji ya Naivasha, Nakuru na Londiani. Hata hivyo, ni katika nyanda hizo za Bonde la Ufa, na katika sehemu nyingine za Kenya, ambako tabibu huyo Mwingereza alitumikia kwa miaka 22 na kujenga ujuzi uliokuja kubadilisha elimu ya malaria ulimwenguni.

Ujuzi huo ulihusu ini. Garnham na wenzake ndio waliothibitisha kwamba kimelea cha malaria, baada ya kuingizwa mwilini na mbu, hakiendi moja kwa moja katika damu kama wataalamu walivyoamini kwa zaidi ya miaka 40. Hukimbilia ini, kikajificha humo na kuzaana kwa siku kadhaa, ilhali mwenye mwili hana habari.

Ugunduzi huo ulitegemea kifaa kidogo ambacho wengi hawajawahi kukiona: maikrotomu, yaani mashine ya maabara inayokata nyama ya mwili vipande vyembamba kiasi cha kupitisha mwanga, ili vitazamwe kwa hadubini. Bila kisu cha mashine hiyo, siri ya ini ingeendelea kuwa siri.

Garnham alizaliwa jijini London mnamo Januari 15, 1901. Mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, reli iliyotoka Mombasa ilifika ufukweni mwa Ziwa Victoria, mahali panapoitwa Kisumu leo. Mtoto yule wa London na mji ule wa ziwani walikuwa wakutane baadaye.

Alisomea udaktari katika Hospitali ya St Bartholomew, London, na mnamo 1925 akajiunga na idara ya tiba ya serikali ya kikoloni nchini Kenya. Miongoni mwa vituo vyake vya mwanzo ni Kisumu, mji ambao malaria ilikuwa imeufanya makao. Huko alichunguza maradhi hayo kwa makini, na utafiti wake kuhusu malaria ya Kisumu ulichapishwa mnamo 1929.

Kazi ya siku hizo ilikuwa ya kitone cha damu. Mgonjwa alidungwa kidole, damu ikapakwa juu ya kigae cha kioo, ikatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Njia hiyo ingali inatumika katika zahanati za Kenya hadi leo, na ni njia njema, lakini ina upungufu wake: kitone cha damu huonyesha tu kilichomo katika damu.

FUMBO LA SIKU ZILIZOPOTEA

Kufikia wakati Garnham alipowasili Kenya, mengi yalikuwa yamejulikana kuhusu malaria. Daktari Mfaransa Alphonse Laveran alikiona kimelea chake katika damu ya mgonjwa mnamo 1880. Mnamo 1897 Ronald Ross, akiwa India, alikiona kikikua ndani ya mbu, na mwaka uliofuata Waitaliano wakiongozwa na Battista Grassi wakathibitisha kuwa mbu wa jamii ya Anopheles ndio wanaomwambukiza binadamu.

Hata hivyo palibaki pengo. Mtu aliyeumwa na mbu mwenye maradhi hakuugua siku hiyo wala siku ya pili. Damu yake ikipimwa siku ya tatu au ya nne haikuonekana na chochote. Kisha, baada ya juma moja hivi, vimelea vilijitokeza ghafla katika damu, homa ikapanda na mgonjwa akaanza kutetemeka. Je, vilikuwa wapi siku hizo zote?

Jibu lililokubalika lilitoka kwa mwanasayansi Mjerumani Fritz Schaudinn. Mnamo 1903 alitangaza kuwa ameshuhudia kimelea kinachotoka kwa mbu kikipenya moja kwa moja ndani ya seli nyekundu ya damu. Schaudinn alikuwa mtu wa kuheshimiwa, na miaka miwili baadaye yeye na mwenzake Erich Hoffmann waligundua kijidudu cha kaswende. Neno lake likawa ndilo neno, likaingia katika vitabu na kufundishwa vyuoni, ingawa hakuna aliyefaulu kuyaona tena yale aliyodai kuyaona.

Grassi alikuwa amewahi kushuku kwamba kimelea hukaa kwanza mahali pengine mwilini, lakini hakuwa na ushahidi. Ndivyo elimu ya malaria ilivyokwama, kwa sababu ya kauli ya mkubwa mmoja ambayo wachache walithubutu kuihoji.

MAAFA YA NAIVASHA

Kabla ya kulikabili fumbo hilo, Garnham alikutana na ini katika balaa jingine, na balaa hilo lilizuka katikati mwa Bonde la Ufa.

Mnamo 1930, katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, eneo ambalo leo limo katika Kaunti ya Nakuru, wanakondoo walianza kufa kwa wingi wa kutisha. Mwanakondoo aliyeonekana mzima asubuhi angeweza kuwa mzoga siku iliyofuata. Kondoo waliokuwa na mimba waliziharibu, na wengi wao wakafa pia. Wachungaji nao walipatwa na homa kali, maumivu ya viungo na uchovu.

Vifo vya aina hiyo havikuwa vigeni kabisa. Ripoti za idara ya mifugo za 1912 na 1913 zilikuwa zimetaja vifo vya wanakondoo katika bonde hilo, lakini chanzo hakikubainishwa.

Kazi ya kukitafuta chanzo iliangukia wataalamu wa maabara ya utafiti wa mifugo ya Kabete, Robert Daubney na J. R. Hudson. Garnham, akiwa daktari wa watu, alishirikiana nao katika upande wa maradhi hayo kwa binadamu. Matokeo yao yalichapishwa mnamo 1931 kwa majina ya watu watatu hao, na ndiyo yaliyoujulisha ulimwengu ugonjwa uitwao leo homa ya Bonde la Ufa.

Ushahidi mkuu ulikuwa katika maini ya wanakondoo waliokufa. Yalipokatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini, yalionekana kujaa mabaka ya seli zilizokufa. Ndiyo maana watafiti hao waliuita ugonjwa huo, kwa jina lake la pili, uvimbe wa ini wa mifugo. Waligundua pia kwamba kisababishi chake hupenya vichujio vinavyozuia bakteria, dalili kuwa ni kirusi, na kwamba mbu walistahili kushukiwa. Miaka iliyofuata watafiti walikipata kirusi hicho ndani ya mbu waliokamatwa katika msitu wa Semliki, magharibi mwa Uganda.

Uvumbuzi huo haukuwa wa kuhifadhiwa makabatini. Homa ya Bonde la Ufa imerejea mara nyingi baada ya mvua kubwa. Ilizuka Kenya mnamo 1997 na 1998, na mnamo 2000 ilivuka Bahari ya Shamu hadi Saudi Arabia na Yemen, mara ya kwanza kuthibitishwa nje ya bara la Afrika na visiwa vyake. Mwishoni mwa 2006 ilianzia kaskazini mashariki mwa Kenya, na mapema 2007 ikafika Baringo, kaskazini mwa Nakuru. Zaidi ya watu 150 walifariki nchini katika mlipuko huo.

KISU KISICHOTETEMEKA

Ili kuelewa kwa nini ini liliweza kufichua mambo ambayo damu haikuyafichua, ni vyema kuelezea jinsi maikrotomu inavyofanya kazi.

Nyama ya mwili haiwezi kutazamwa kwa hadubini ikiwa nzima, kwa sababu mwanga hauipenyi. Wala haiwezi kukatwa vyema kwa mkono, kwa kuwa ini bichi huteleza na kupondeka chini ya wembe. Kwa sababu hiyo kipande cha ini hutiwa kwanza katika dawa ya kukiimarisha kisioze, kama vile formalini. Kisha huondolewa maji kwa kuloweshwa katika alkoholi inayozidishwa ukali hatua kwa hatua. Hatimaye hujazwa nta ya parafini iliyoyeyushwa, na nta ikipoa, nyama huwa imo ndani ya kibonge kigumu.

Kibonge hicho hufungwa kwenye maikrotomu. Kila fundi anapozungusha mpini, mashine hukisogeza kibonge mbele kwa kipimo kilekile kisichobadilika, kikapita kwenye makali ya kisu. Kipimo cha kawaida ni mikroni tano hivi, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene unaozidi hapo zaidi ya mara kumi.

Vipande hutoka vikiwa vimeshikana kama utepe. Utepe huelezwa juu ya maji ya uvuguvugu ili ukunjuke, ukaopolewa kwa kigae cha kioo, nta ikaondolewa, na nyama ikatiwa rangi ili seli zionekane.

Mashine ya namna hiyo ilianza kupata sura yake ya kisasa katika karne ya 19. Mnamo 1866 Wilhelm His, mtaalamu wa viungo vya mwili, aliunda yake. Mnamo 1885 kampuni ya vyombo vya sayansi ya Cambridge, iliyoanzishwa na Horace Darwin, mwana wa Charles Darwin, ilitoa maikrotomu ya kubembea ambayo ilienea katika maabara nyingi.

Ugumu wa kazi yenyewe unaonekana katika hesabu. Kipande cha ini chenye unene wa sentimita moja kikikatwa kwa mikroni tano hutoa vipande 2,000. Kimelea chenye upana wa mikroni 40 kitaonekana katika vipande vinane tu kati ya hivyo, tena kwa yule atakayetazama mahali penyewe hasa. Huo ndio msitu ambamo Garnham alipaswa kutafuta sindano yake.

MILIMA YA LONDIANI

Miaka ya 1930 na 1940 ilimpitisha Garnham katika maeneo mengi ya Kenya. Aliongoza kitengo cha serikali cha magonjwa yanayoenezwa na wadudu, jijini Nairobi. Aliwachunguza mbu wa msitu wa Kaimosi kwa ajili ya homa ya manjano. Yeye na J. P. McMahon walitumia dawa ya DDT katika vijito vya bonde la Kodera, Nyanza, na kuwaangamiza huko inzi weusi wanaoeneza upofu wa mtoni, kazi waliyoichapisha mnamo 1947. Mbu mmoja wa jamii ya Anopheles alikuwa tayari amepewa jina lake, Anopheles garnhami, tangu 1930.

Aidha alikwenda Londiani, mji wa reli ulio kwenye miinuko ya magharibi mwa Nakuru, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Watu wengi waliamini kuwa baridi ya nyanda hizo ilikuwa ngao tosha dhidi ya malaria. Hata hivyo maradhi yalilipuka huko, na mnamo 1945 Garnham aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kuhusu milipuko ya malaria katika miinuko ambayo haikutarajiwa kabisa.

Somo la Londiani lilikuwa chungu. Watu wa milimani, ambao hawakuwa wamezoea malaria tangu utotoni, hawakuwa na kinga mwilini, na kwa hivyo ugonjwa uliwaumiza wakubwa kwa wadogo. Ndivyo ilivyokuwa pia miongo mingi baadaye, malaria ilipovamia tena nyanda za juu za magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990.

Londiani ilikumbusha jambo jingine pia. Mtu huweza kuubeba ugonjwa kwa gari la moshi kutoka mabonde yenye joto hadi miinukoni akiwa mzima wa afya, kisha akaugua siku kadhaa baada ya kufika. Kwa kipindi hicho chote vimelea vilikuwa naye, ila hapakuwa na kipimo cha damu kilichoweza kumwambia hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwa malaria nguo hiyo ilikuwa bado haijafunuliwa.

ISHARA KATIKA INI LA TUMBILI

Ufunguo wa fumbo ulitoka kwa tumbili na kima wa Kenya. Wanyama hao walikuwa na kimelea cha damu kilichojulikana tangu mwishoni mwa karne ya 19, nacho kiliitwa Plasmodium kochi. Kilikuwa na kioja chake. Katika damu ya tumbili zilionekana zile hatua za kiume na za kike tu, ambazo hungoja kufyonzwa na mdudu. Hatua za kugawanyika na kuzaana, ambazo katika malaria ya binadamu hujaa tele ndani ya damu, hazikuonekana hata moja.

Garnham alifuata mantiki hadi mwisho wake. Ikiwa kimelea hakizaani katika damu na bado kinaongezeka, basi sharti kiwe kinazaana katika kiungo kingine. Alichunguza viungo vya tumbili na kukipata katika ini, ndani ya vifuko vilivyokua hadi vikaonekana kwa macho matupu kama madoa meupe. Vipande vyembamba vya ini hilo vilionyesha jinsi vifuko hivyo vilivyoanza vikiwa vidogo ndani ya seli za ini zenyewe. Taarifa yake ya kwanza ilichapishwa mnamo 1947, na kimelea hicho sasa hujulikana kwa jina la Hepatocystis, lenye maana ya kifuko cha ini.

Umuhimu wa jambo hilo ulikuwa mkubwa. Watafiti walikuwa wamekwisha kugundua, mnamo 1937, kwamba malaria ya kuku hupitia nje ya seli nyekundu za damu. Lakini kwa ndege vimelea hukaa katika seli za kinga zilizotapakaa katika wengu, uboho na viungo vingine, na wengi waliotafuta maficho ya malaria ya binadamu walifuata mfano huo wakaambulia patupu. Tumbili wa Kenya walielekeza kidole mahali tofauti: seli za kawaida za ini.

Wakati huohuo, nchini Australia, daktari wa jeshi Neil Hamilton Fairley alikuwa ameonyesha wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwamba damu ya mtu aliyeumwa na mbu huweza kuambukiza kwa nusu saa hivi tu. Baada ya hapo haiambukizi tena mpaka siku ya sita au ya nane. Vimelea vilikuwa vimetoka katika damu, vikaenda mahali, kisha vikarudi.

USHAHIDI KUTOKA LONDON

Mnamo 1947 Garnham aliondoka Kenya na kujiunga na Chuo cha Afya na Tiba ya Nchi za Joto cha London. Huko alishirikiana na Kanali Henry Edward Shortt, mkongwe wa tiba aliyetumikia India kwa miaka mingi. Waliamua kutumia malaria ya tumbili wa Asia, iitwayo Plasmodium cynomolgi, ambayo inafanana sana na mojawapo ya malaria za binadamu.

Tumbili mmoja aliumwa na mbu wapatao 500 waliokuwa na vimelea. Idadi hiyo ilikuwa na sababu yake. Mbu mmoja huingiza vimelea vichache tu, na vichache hivyo vikitawanyika katika ini zima haviwezi kupatikana hata kwa maelfu ya vipande. Ilibidi ini lijazwe ili msitu uwe na sindano nyingi.

Siku ya saba mnyama huyo aliuawa na ini lake likapelekwa kwenye nta na kisu. Katika vipande vile vyembamba vilivyotiwa rangi vilionekana vimelea vya mviringo, kila kimoja kimeijaza seli ya ini na kugawanyika mara nyingi ndani yake, tayari kupasuka na kumwaga vizazi vyake katika damu. Habari hizo zilichapishwa Januari 1948 katika jarida la Nature. Nadharia ya Schaudinn ilikuwa imezikwa.

Mwaka huohuo Shortt na Garnham, pamoja na Gordon Covell na P. G. Shute, walithibitisha jambo hilo kwa binadamu. Mtu aliyejitolea aliumwa na mbu wengi mno, kisha kipande kidogo cha ini lake kikatolewa kwa upasuaji na kukatwa kwa maikrotomu. Vimelea vya Plasmodium vivax vilikuwemo. Mnamo 1949 walivipata pia vya Plasmodium falciparum, aina inayoua watu wengi zaidi barani Afrika, na mnamo 1954 Garnham na wenzake wakavipata vya Plasmodium ovale.

Mbu wa kazi hiyo walifugwa katika maabara ya Hospitali ya Horton, Epsom, ambako malaria ilitumiwa kwa makusudi kuwatibu wagonjwa wa akili walioathiriwa na kaswende. Tiba hiyo iliachwa baada ya penisilini kupatikana. Kwa kanuni za sasa, jaribio la kumwambukiza mtu malaria na kumpasua ini lingepitia kamati za maadili kabla ya mbu wa kwanza kutolewa kizimbani.

MAJINA YALIYOACHWA

Garnham aliteuliwa kuwa profesa mnamo 1952 na kuchaguliwa mwanachama wa Royal Society mnamo 1964. Mnamo 1966 alitoa kitabu chake kikuu kuhusu vimelea vya malaria na jamaa zao, chenye kurasa zaidi ya elfu moja. Hakuwasahau tumbili wa Kenya. Mnamo 1961 yeye na wenzake R. B. Heisch na D. M. Minter walitangaza kuwa wamempata mdudu anayeeneza kile kimelea cha vifuko vya ini: usubi mdogo, wala si mbu kama ilivyodhaniwa.

Alistaafu rasmi mnamo 1968 lakini hakuiacha hadubini. Mnamo 1980, akikaribia umri wa miaka 80, alikuwa miongoni mwa watafiti walioongozwa na W. A. Krotoski ambao waliona, tena katika vipande vya ini la tumbili, vimelea vidogo vilivyolala bila kukua. Hivyo ndivyo vinavyoweza kuamka baada ya miezi au miaka na kumrudishia mgonjwa homa aliyodhani amepona. Fumbo la pili la malaria, la kurudi kwake, lilifumbuliwa kwa njia ileile ya kwanza.

Sifa hizo ni za haki. Hata hivyo historia ya tiba ya kikoloni ina upande mwingine. Ripoti ya 1931 kuhusu Naivasha ilibeba majina matatu, yote ya Waingereza. Wachungaji walioishika mizoga ya wanakondoo kwa mikono mitupu, wakaugua na kutoa ushahidi kwamba ugonjwa huo huwapata watu pia, hawakuwa miongoni mwa majina hayo. Elimu ya homa ya Bonde la Ufa ilijengwa juu ya maumivu yao kama ilivyojengwa juu ya ustadi wa maabara.

MATUNDA YANAYOLIWA LEO

Ugunduzi wa ini una maana ya moja kwa moja kwa Mkenya wa kawaida. Msafiri wa Nakuru anayelala Kisumu siku mbili na kurejea nyumbani hawezi kujiona salama kwa kuwa damu yake imepimwa kesho yake na kuonekana safi. Kwa siku sita au zaidi vimelea vingali katika ini, na kimoja tu cha falciparum huweza kuzaa makumi ya maelfu kabla ya seli kupasuka. Homa ikija juma la pili, kipimo kinapaswa kurudiwa upesi.

Maana nyingine iko katika dawa. Dawa nyingi zinazotolewa hospitalini huvishambulia vimelea vya damu wala hazivifikii vile vilivyolala katika ini, na kwa hivyo malaria ya vivax na ya ovale huhitaji dawa ya ziada kama primakwini ili isirudi.

Maana kubwa kuliko zote ni chanjo. Chanjo ya RTS,S, iliyoanza kutolewa kwa watoto nchini Kenya Septemba 2019 katika Kaunti ya Homa Bay, huufundisha mwili kuvikabili vimelea mara tu vinapoingizwa na mbu, kabla havijajijenga katika ini. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa matumizi mapana mnamo 2021, na mnamo 2023 likapendekeza nyingine, R21, inayotumia mbinu hiyohiyo. Nadharia ya Schaudinn isingetoa sababu ya kuulinda mlango wa ini, kwa kuwa haikuutambua.

Maikrotomu yenyewe ingali kazini. Kipande cha nyama kinachotolewa kwenye titi, shingo ya kizazi au koo la mgonjwa anayeshukiwa kuwa na saratani hupitia njia ileile ya nta, kisu na rangi kabla ya daktari kutamka lolote. Ucheleweshaji katika hatua hiyo ni ucheleweshaji wa matibabu, na aghalabu mwenye kuulipia ni mgonjwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Garnham aliutumia umri wake wote kuonyesha kwamba maradhi yenyewe hujificha pia, na kwamba huyapata yule mwenye subira ya kutazama kipande kimoja baada ya kingine.